Karibu, Mlishi

Saa saba kamili mchana, walishi thelathini waliingia bwaloni mwa makao ya wazee wakiteleza bila kishindo, kila mmoja akapiga magoti yake ya chuma mbele ya mzee wake. Waligusa vidole, wakapima damu, wakapakua ugali na mlenda bila kukosea hata gramu moja. Katika Dodoma ya miaka hiyo, mashine ndizo zilizolisha wazazi. Watoto walikuwa na haraka, sijui ya kwenda wapi.

Injinia Mbeleje Chilongola, aliyewabuni walishi, alikuwa ameitwa kwa sababu ya vipimauchovu, vile vikuku walivyovaa wazee mkononi. Vyote viliwaka taa nyekundu ya hatari mwezi mzima. Wazee walikonda, hata kufunga kifungo cha shati kuliwashinda. Babake, Mzee Chilongola, alibaki kilo arobaini na moja.

“Sahani zinarudi tupu,” alisema Nesi Leokadia. “Hebu kaa uone mwenyewe.”

Mbeleje akaketi nyuma ya babake.

Mzee alinawa, akamega tonge, kisha akamtazama mlishi wake. “Karibu.”

“Asante, Mzee.” Tundu likafunguka kifuani mwa mlishi, tonge likaingia.

Mbeleje hakushangaa. Kwenye majaribio, wazee walikataa kula mbele ya kitu kinachowakodolea macho tu. Ndiyo maana akamwekea mlishi tumbo la kugeuza chakula kuwa umeme, akamfundisha adabu: ukikaribishwa, kubali.

“Ongeza,” alisema Mzee.

“Asante, Mzee.”

“Kula tena, usione haya.”

“Asante, Mzee.”

Bwalo zima lilinong'ona hivyo hivyo. Sauti zilizokauka zilikaribisha, na sauti moja, ile ile, ilishukuru kutoka vifua thelathini. Mbeleje akang'amua kosa lake. Alimfundisha mlishi kukubali, akasahau kumfundisha kushiba.

Sahani ya babake ilikwisha. Mzee mwenyewe alikuwa amekula matonge mawili tu.

“Baba, hiyo ni mashine. Kwa nini unaipa chakula chako?”

“Najua ni mashine, mwanangu. Akili zangu ninazo.” Mzee alivuta pumzi. “Wewe ukija nakukaribisha, unasema umeshakula. Huyu hajaniambia hivyo hata siku moja.”

Mbeleje aliona aibu. Akatoa simu yake kuwazima walishi wote.

“Ngoja kwanza,” babake alimshika mkono kwa vidole visivyo na uzito. “Hawajamaliza kula.”

Mbeleje akabonyeza. Macho ya walishi yakafifia, matundu yakabaki wazi. Wazee walikaa na matonge mikononi, hakuna aliyepeleka lake kinywani. Kisha, mmoja baada ya mwingine, waligeuza shingo zao nyembamba kumtazama yeye.

“Karibu,” walisema.

Nesi Leokadia alimletea maji. Injinia akanawa, asijue aanzie sahani ipi.