Shahada ya Daktari na Fundi

Ukumbi wa wagonjwa wa nje ulikuwa umefurika hadi mlangoni. Daktari alikuwa amesimama tangu saa moja asubuhi, kitambaa chake cha kichwa cha zambarau kimeanza kulegea, na mbele yake ameketi mama mtu mzima ambaye, kwa mujibu wa mashine ya presha, alikuwa mbioni kuzimia.

"Mia mbili na ishirini," Daktari alisema. "Mama, unasikia kizunguzungu?"

"Nasikia njaa tu, mwanangu."

"Hiyo mashine inasema uongo," ikadakia sauti nyuma yake.

Alikuwa mwanamume mrefu, shati lake la buluu limepigwa pasi upande mmoja tu, na mfukoni, pale wenzake wanapoweka kalamu, kumechomoza bisibisi.

"Na wewe nani?"

"Huyu ni shangazi yangu. Nafundisha uhandisi chuoni, hapo ng'ambo ya barabara. Hebu nipime na mimi."

Akapimwa: mia mbili na ishirini na tano.

"Haya, jipime na wewe."

Daktari alitaka kumfukuza, lakini foleni nzima ilikuwa inatazama. Akajifunga mkanda wa mashine mkononi. Mia mbili na thelathini.

"Kumbe mgonjwa hasa ni wewe! Nikuitie daktari?"

Watu wakaangua kicheko, shangazi mtu akiwashinda wote. Daktari alijaribu kununa, kununa kwenyewe kukamshinda.

Simu ya kwanza ilihusu mashine ya presha. Ya kumi haikuwa na mashine ndani yake hata kidogo.

"Fundi, umekula?"

"Nisipokula utaniandikia dawa?"

"Nitakuandikia fimbo."

"Basi andika mbili, laazizi. Asubuhi moja, jioni moja."

Lakini penzi lao lilikuwa na kazi. Nyuma ya wodi ya wazazi palikuwa na stoo, na ndani yake mashine kumi na tisa za kuwapa joto watoto njiti, zote zimekufa kwa vitu vidogovidogo. Wauguzi walijua zinaposumbua ila hawakujua kuzitengeneza. Wahandisi ng'ambo ya barabara wangeweza kuzitengeneza, ila hawakuwahi kukanyaga wodini. Daktari alikuwa amempoteza mtoto wa siku mbili kwa sababu ya waya uliokatika, na alishaapa kwamba hatampoteza mwingine namna hiyo.

Wakaamua kuandika mpango wa shahada moja ya pamoja: mwanafunzi wa uhandisi aingie wodini tangu muhula wa kwanza, na mwanafunzi wa udaktari asifanye mtihani wa mwisho mpaka aifungue mashine na kuifunga tena. Mwaka mzima waliandika kwenye meza ya kulia chakula nyumbani kwa mama yake Daktari.

"Hivi mnaandika shahada au mnaandikiana barua?" mama aliuliza akipita na chai.

"Vyote viwili, mama," Fundi alijibu, akapigwa teke chini ya meza.

Mwiba wao ulikuwa Profesa, mkuu wa upasuaji, aliyekwisha kutamka hadharani kwamba mtu wa spana hataingia wodini kwake. Seneti ya chuo ingekaa Alhamisi ya mwisho wa mwezi kulipigia kura andiko lao. Andiko likikataliwa, sheria ilisema lisirudi kabla ya miaka mitatu.

Siku kumi kabla, Daktari aliingia ofisini kwa Profesa kutafuta sahihi ya ruhusa. Mezani akaliona andiko lao, limejaa wino mwekundu kila ukurasa.

"Umelipata wapi hili, Profesa?"

"Kaniletea mhandisi wako. Kaniomba nilivunjevunje."

Alipiga simu akiwa bado kwenye korido.

"Umempa Profesa andiko letu?"

"Nimempa. Nilitaka nikwambie majibu yakishafika."

"Mtu anayetupinga! Siku kumi kabla ya Seneti!"

"Ndiyo maana nikampa yeye. Sisi daraja tunalipakia mawe mpaka lilie, kabla watu hawajapita. Nani angelipakia mawe mengi kuliko yeye?"

"Na sisi mgonjwa hatumvunji ili tujue anaumia wapi. Tunamuuliza. Mimi uliniuliza?"

Akakata simu. Siku ile Fundi alipiga mara kumi na moja, kesho yake tisa, keshokutwa akaacha. Daktari alijiambia amepona, na kila simu ilipolia aliirukia.

Siku ya nne Profesa akamtumia andiko. Alama nyekundu thelathini na nane. Alizisoma kwa hasira, akizijibu kwa sauti kana kwamba mzee yupo chumbani. Ya saba akaisoma mara mbili: mwanafunzi akifungua mashine ambayo mtoto bado amelazwa ndani yake, nani atawajibika?

Mwaka mzima wa kuandika, hawakuwahi hata kuliwazia swali hilo. Akaishika simu.

"Sijakusamehe," alisema. "Lakini njoo. Alama ya saba itaua mtoto."

Fundi alifika akihema, akabaki amesimama mlangoni.

"Nilikosa," alisema. "Kumpa Profesa, hapana, hapo sijutii. Kukuficha ndiko nilikokosa. Nyie wenyewe mnasema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nikaficha."

"Na mimi nimekukosa mpaka nimechoka. Kaa chini tufanye kazi."

Walibishana siku tano na kufuta zaidi ya walivyoandika. Mwisho wakakubaliana: hakuna mkono utakaogusa mashine mpaka wanafunzi wawili, wa huku na wa kule, wamekagua pamoja kwamba haina mtoto na kutia sahihi kadi moja. Likiharibika jambo, wataulizwa wote wawili.

Alhamisi Daktari alisimama mbele ya Seneti kwa gauni jeusi na sauti kavu. Profesa, naye mmoja wa wajumbe, akauliza alama ya saba. Akamjibu.

"Na hao wawili wakigombana?"

Daktari alimtazama Fundi, aliyeketi safu ya nyuma amejikunja kama anayeng'olewa jino.

"Watagombana, Profesa. Sisi wenyewe tumegombana juu ya ukurasa huu, na nilimnunia siku nne. Lakini mtoto hangoji tupatane. Tukarudi mezani na hasira zetu."

Profesa alivua miwani, akaifuta taratibu mno. Mkono wake ndio ulionyanyuka kwanza kulikubali andiko. Likapita kwa tofauti ya kura mbili.

Kwenye ngazi, watu wakiwapita na kuwapa mikono, Fundi alifungua mdomo kumpongeza.

"Muhula unaanza baada ya wiki sita," Daktari akamwahi.

"Najua. Karakana ya wanafunzi haina hata meza."

"Ukishaanza hatutapata nafasi ya kupumua. Kwa hiyo tuoane kabla."

"Unasemaje?"

"Umesikia. Wiki ya nne, Jumamosi. Nimeshaangalia zamu zangu, niko huru."

Mhandisi mzima, mwenye jibu la kila kitu, akaketi palepale kwenye ngazi. Watu wakawa wanamzunguka kupita.

"Daktari wangu," alisema, machozi yakimlengalenga, "hata Jumamosi hii."