Nyuzi za Pinki Kwenye Maembe

Dobi alikuwa na mashine mbili kwenye chumba cha uani, moja ya kufulia na nyingine ya kukaushia. Ukimpelekea nguo asubuhi, jioni unazichukua zimekunjwa vizuri, bado zina joto. Nyumba ya wageni ya mtaani ilimletea mablanketi yake yote, mazito, ya rangi ya pinki.

Kazi haikumpiga chenga. Mume wake, seremala, alikuwa mtu wa watu. Lakini Dobi hakuwa na raha, na kilichomkosesha raha kilikuwa ng'ambo ya ua.

Huko aliishi wifi yake, dada wa seremala. Yeye alikausha maembe. Aliyamenya, akayakata vipande vyembamba, akayaanika juani kwenye chaga za wavu alizotengenezewa na kaka yake. Yakikauka aliyauza duka la vyakula. Hakuwa na mtoto. Lakini mtoto wa Dobi, aliyeitwa Kijino kwa sababu mbele jino moja tu lilikuwa limeota, alikuwa habanduki kule.

Akitoka shule, kwa Shangazi. Akichubuka goti, kwa Shangazi. Akiwa na siri, kwa Shangazi. Kwao alirudi kulala tu.

Dobi aliona gere. Tusifichane, aliona gere mpaka chakula kilikuwa hakishuki. Alisimama dirishani na kikapu cha nguo kiunoni, akasikia kicheko cha mtoto wake mwenyewe, na roho ikamuuma.

"Kijino! Njoo tukunje mataulo!"

"Unasemaje, Mama? Sisikii!"

Mashine zilikuwa zinanguruma. Dobi akapaza sauti tena. Mtoto akamwonyesha masikio yake kwa vidole, akacheka, akamrudia shangazi yake.

"Haya, kaeni," Dobi alisema peke yake. "Kaeni hukohuko, mshibane."

Ile mashine ya kukaushia ilikuwa na bomba nene la kutoa hewa ya moto. Bomba lilipita dirishani na kuelekea ukuta wa nyuma. Siku hiyo Dobi alilishika, akalikunja, akalielekeza ng'ambo ya ua. Alijua ni hewa tu. Alitaka joto liwafukuze pale walipokaa, mtoto arudi kwa mama yake.

Tena mablanketi yalikuwa mengi, na chujio la mashine lilikuwa limejaa manyoya ya nguo. Kwa kawaida alilisafisha chini ya bomba la maji, manyoya yakashuka na maji machafu. Safari hii hakuwa na subira. Alilichomoa chujio, akaliweka rafuni, akawasha mashine bila chujio.

"Lo, zinakauka haraka!" alisema. Akaona amepata ujanja. Kuanzia siku hiyo akafanya hivyohivyo.

Haukupita muda mrefu, mwenye duka la vyakula akaja kwa Shangazi na mfuko wa maembe mkononi. Uso wake haukuwa wa kuchekea.

"Dada, hizi nyuzi ni za nini? Mteja wangu ametoa uzi mdomoni mbele ya watu wote. Mimi sichukui tena mzigo wako mpaka Bibi Afya, yule mkaguzi wa vyakula, aje akague."

Shangazi alikaa kwenye kigoda akalia. Maembe ndiyo yaliyomlisha.

Dobi alisikia yote kutoka dirishani. Na moyo wake, Mungu amsamehe, ulipata baridi. Alivuka ua akijitia huruma.

"Pole, wifi. Labda unayafunika na blanketi kuukuu?"

"Wifi, blanketi nalitoa wapi? Nafunika kwa wavu, wewe mwenyewe unaona."

"Basi labda ni nywele za huyo Kijino, maana kila saa yuko hapa."

Alilitoa neno hilo kama mtu anayetema kitu kichungu.

Bibi Afya alikuja kesho yake. Alikuwa mwanamke mwenye haraka, lakini macho yake hayakuwa na haraka. Aliomba sahani nyeupe, akazipaka mafuta ya kupikia. Moja aliiweka karibu na chaga, nyingine mbali kabisa, penye lango.

"Kila mtu aendelee na kazi yake kama kawaida," alisema.

Dobi akaendelea. Aliyakausha mablanketi ya wageni, huku akiimba.

Mashine ilipozimwa, Bibi Afya aliziinua zile sahani. Ya langoni ilikuwa na nyuzi chache. Ya kwenye chaga ilikuwa imejaa. Alitoa kioo cha kukuzia, akamwita Dobi.

"Hebu tazama, mama."

Dobi akainama. Aliona nyuzi nyembamba zilizojikunja, zimenata kwenye mafuta. Zote pinki.

"Hizi zinatoka kwenye bomba lako," Bibi Afya alisema. "Chujio liko wapi?"

Kabla Dobi hajajibu, Kijino akatokea, shavu limevimba kwa embe.

"Mama, Shangazi amesema haya hayauziki. Nimekula mimi! Matamu!"

"Tema!" Dobi alipiga kelele. Alimkamata mtoto, akaingiza kidole mdomoni mwake, akatoa embe lote. Kwenye kidole chake ulining'inia uzi wa pinki.

Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Bibi Afya, nimemlisha mwanangu sumu? Atakufa?"

"Tulia kwanza. Kula uzi mmoja hakumuui mtoto. Lakini sitakudanganya. Nyuzi hizi zikiingia mwilini siku nenda siku rudi, zinafanya nini hasa? Watafiti bado wanachunguza. Sisi hatuna haja ya kungoja wamalize ndipo tujilinde."

"Lakini ni blanketi tu!"

"Blanketi hili si pamba. Ni plastiki iliyosokotwa ikawa uzi. Likizungushwa na kusuguliwa kwenye joto, linanyonyoka. Nguo za pamba nazo zinanyonyoka, na nyuzi zake hubeba rangi na dawa za kiwandani. Chujio hukamata nyingi, si zote. Wewe umelitoa kabisa, kwa hiyo zimetoka zote. Tena ni hatari ya moto. Manyoya yakijaa ndani ya mashine yanaweza kuwaka."

"Na nikilisafisha kwa maji?"

"Hapo unazipeleka mtoni. Samaki wanazila. Manyoya yakusanye kwa mkono au kwa kitambaa chenye unyevu kila ukimaliza kukausha. Yafunge kwenye mfuko, utupe kwenye pipa lenye mfuniko. Usiyapeperushe, usiyachome."

Kisha akauliza swali ambalo Dobi alikuwa analiogopa. "Na bomba, nani alilielekeza huku kwenye chakula?"

Dobi aliinuka. Alimtazama wifi yake.

"Mimi. Niliona wivu, wifi. Mtoto wangu anakupenda wewe kuliko mimi. Nyuzi sikuzijua, naapa. Lakini ubaya niliukusudia."

Shangazi alisema, "Jina langu limechafuka dukani, wewe unaniuliza habari za blanketi kuukuu. Mbele ya macho yangu, wifi!" Akaingia ndani, akafunga mlango.

Dobi alikwenda dukani mwenyewe, akamweleza mwenye duka kila kitu, wateja wakisikia. Aibu ilimpata, akaimeza. Mwenye duka alikubali kupokea maembe mapya, mradi Bibi Afya ayapitishe.

Seremala alirudisha bomba upande wa ukuta wa nyuma, mbali na chakula, na mwisho wake akafunga kichujio cha wavu mwembamba kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Chujio la ndani likarudi mahali pake. Na kamba ndefu zikafungwa uani, mbali na chaga. Kukiwa na jua, Dobi alianika. Mashine aliiwasha siku za mvua tu, ikiwa imejaa vizuri, kwa joto dogo, na aliizima mara nguo zilipokauka. Wateja walingoja kidogo zaidi. Mmoja alinung'unika, akahama. Wengine walibaki.

Bibi Afya alirudi na sahani zake. Safari hii karibu na chaga alikuta nyuzi chache sana. Akapitisha maembe. Shangazi alimpa Dobi mkono, bado akiwa na kinyongo kidogo, lakini alimpa.

Ua ulikuwa kimya siku zile za jua. Siku moja Dobi alikuwa anaanika shuka, akasikia mtu anamshikisha kibanio mkononi. Alikuwa Kijino.

"Hukwenda kwa Shangazi?"

"Nitakwenda baadaye. Mama, nikuambie siri?"

"Niambie."

"Zamani nilikuwa nakuambia, hukuwa unanisikia. Mashine yako ilikuwa inapiga kelele."

Dobi aliishika shuka kwa mikono miwili, akaficha uso ndani yake kidogo.

"Sema sasa, mwanangu," alisema. "Nasikia."