Boya Lililokwama

Kila asubuhi, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, Sikudhani alikuwa ameshafagia uwanja na kuinjika uji. Nyumba yao ilisimama peke yake kilimani, kando ya tangi kubwa la chuma la shamba la mkonge, si mbali na Mlandizi. Kambi ya wafanyakazi ilikuwa bondeni. Kutoka kilimani Sikudhani aliwasikia watoto wenzake wakiitana na kucheka, lakini hakuweza kusikia walichochekea.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake alibaki Mzenga akimuuguza bibi, naye aliletwa kwa baba ili apate kusoma. Shuleni walimwita Binti Tangi. Walipotoka, wenzake walielekea kambini kwa makundi, naye akapanda kilima peke yake.

Baba yake, Mwishehe, alikuwa mtunza tangi. Maji ya tangi hilo yalitumiwa na korona, mashine ya kuchakata mkonge, na boila iliyoiendesha kwa mvuke. Kwa kuwa mtu aliye chini hawezi kuona ndani ya tangi, Mwishehe alikuwa amefunga kipimo. Ndani lilielea boya la bati. Waya ulitoka kwenye boya, ukapita juu ya kapi ukingoni mwa tangi, ukashuka nje hadi kwenye mshale mzito wa chuma uliotembea mbele ya ubao wenye alama. Maji yalipopanda, mshale ulishuka. Maji yaliposhuka, mshale ulipanda. Wageni wengi waliusoma kinyume, na Sikudhani aliwacheka kimoyomoyo.

"Usiusome mshale kabla hujaliamsha boya," baba alikuwa akimwambia. Kuliamsha boya maana yake ni kuuvuta mshale kidogo na kuuachia. Ukirudi mahali pake, boya linaelea vizuri. Ukikataa kusogea, boya limenaswa na kutu na utando wa kijani, na mshale unadanganya.

Jumamosi moja baba alishindwa kuinuka kitandani. Mwili ulikuwa wa moto, meno yakigongana.

"Nimwite mtu, baba?"

"Usimwite mtu. Wakijua naumwa wataweka mwingine hapa, nasi tutarudi Mzenga. Na shule yako itaishia hapo." Alivuta shuka. "Angalia maji tu, mwanangu. Yakifika nusu, gonga ile reli iliyoning'inia nje, Kitwana wa pampu asikie, aiwashe kule mtoni."

Haukupita muda, Petronila akapanda kilima. Alikuwa binti wa Wilbrod, fundi wa boila.

"Siku! Baba anauliza, maji vipi leo?"

Sikudhani aliuvuta mshale, akauachia. Ukarudi mahali pake. "Yamejaa."

"Na baba yako?"

"Ametoka kidogo."

Petronila hakuondoka. Aliokota vijiwe. "Unajua mdako?"

"Najua!"

Wakachimba kishimo, wakakaa chini. Tangu Sikudhani ahamie kilimani, hakuna mwenzake aliyewahi kukaa kwenye uwanja ule.

"Mikono mizito kama magogo!" Petronila alimtania, vijiwe vilipomponyoka.

"Ngoja nikuonyeshe!" Sikudhani akacheka hadi akaziba mdomo, asije akamwamsha baba.

Petronila aliitwa kambini, akaahidi kurudi. Alirudi jua likiwa kali.

"Baba anauliza tena. Nijibu upesi, nimpelekee, nije tumalizie mchezo."

Sikudhani aliutupia mshale jicho. Ulikuwa pale pale chini. "Mwambie yamejaa."

Petronila akateremka mbio. Sikudhani akapanga vijiwe, akangoja. Kivuli cha tangi kikasogea, mwenzake hakutokea. Huenda mama yake alimpa kazi. Huenda amepata wengine wa kucheza nao. Uwanja ulikuwa kimya, ila korona ilinguruma bondeni bila kupumzika.

Ndipo alipojiuliza. Korona inakunywa maji tangu asubuhi, na pampu haijawashwa. Mbona mshale haujapanda hata alama moja?

Aliushika mshale, akauvuta. Haukusogea. Akauvuta kwa mikono miwili. Wapi! Akagonga tangi kwa kijiwe, juu mpaka mkono wake ulipofika: likalia kama debe tupu. Akagonga usawa wa kiuno: tupu. Alipofika karibu na kifundo cha mguu ndipo sauti ikawa nzito.

Angeweza kugonga reli tu, Kitwana akawasha pampu, na asijue mtu. Lakini maji hupanda polepole, na boila ikikosa maji wakati moto unawaka, inaweza kupasuka. Watu walikuwa kando yake. Akiwaambia, kazi itasimama, watapanda kuuliza, na watamkuta baba kitandani.

Aligonga reli kwa nguvu, kisha akateremka mbio hadi kiwandani.

"Baba Petronila! Maji yameisha! Nilisema yamejaa, lakini sikuliamsha boya. Niliutazama mshale tu!"

Wilbrod akawageukia wenzake. "Toeni moto! Toeni moto wote!"

Wanaume wakakokota makaa nje kwa makoleo. Korona ikapunguza sauti, ikanyamaza. Wafanyakazi wote wakamgeukia Sikudhani. Hakujua aweke wapi macho yake.

Wilbrod alipanda naye kilimani, akakwea ngazi, akasugua kutu na utando hadi boya likaporomoka kwa kishindo. Nje, mshale ukaruka juu. Pampu ilikuwa tayari inasukuma maji. Alipoteremka aliuliza, "Mwishehe yuko wapi?"

Sikudhani akanyoosha kidole mlangoni. "Anaumwa. Nilidanganya pia kwamba ametoka."

Wilbrod aliingia. Yeye Mnyamwezi, Mwishehe Mzaramo, walikuwa watani.

"Ewe Mzaramo! Kumbe hapa kuna maboya mawili yaliyokwama. Unawaka moto, na mshale wako unasema uko salama!"

Mwishehe alicheka kwa shida. "Niliogopa wataniondoa kazini."

"Kuugua si kosa. Nitasema mwenyewe na msimamizi, Kitwana akusaidie hadi upone. Lakini ungefia humu, na mtoto amekaa nje akilinda siri."

Siku ile ile Mwishehe alibebwa hadi zahanati, akapewa kwinini. Msimamizi alifoka sana kwa kazi iliyosimama, lakini hakumwondoa.

Wilbrod hakumkaripia Sikudhani. Alikaa naye kwenye benchi la zahanati, akasema taratibu, "Petronila alipokuuliza, ungeweza kusema, 'Bado sijaangalia.'"

"Niliona haya. Na nilitaka arudi upesi."

"Najua. Upweke humfanya mtu aseme lolote ili mwenzake asiondoke. Lakini sisi kule chini hatuoni ndani ya tangi, mwanangu. Tuna neno lako tu. Ukisema hujui, tutangoja. Ukisema unajua na hujui, tutawasha moto."

Sikudhani aliitikia kwa kichwa. Ndani, baba aliomba maji ya kunywa. Akainuka kumpelekea.