Friza ya Bi Kazija

Jamaa zangu mnaokaa pwani, sogeeni niwape habari ya nyumba moja. Kijiji sikitaji, maana mwenyewe yu hai na sitaki kumfedhehesha zaidi ya alivyokwisha kujifedhehesha. Jueni tu kwamba kiko kusini mwa Unguja, na kwamba nyumba hiyo ilikuwa na raha yake.

Ndani yake alikaa Bi Kazija, mjane, na binti yake mmoja, Sumaiya. Asubuhi za bamvua, maji yakikupwa mpaka mwamba ukabaki wazi, mama na binti walitoka pamoja wamejifunga kanga viunoni, kila mmoja na chuma chake cha kuchokolea na mkoba wake, wakaenda kutafuta pweza. Wakirudi walisikika wanacheka tangu njiani. Pweza mmoja wa chungu, waliobaki wa kuuza, na siku inapita.

Kwao mapango ya pweza ni urithi. Mwanamke anayajua mapango yake kama anavyozijua sufuria zake, wala hamwonyeshi jirani au shoga yake. Humwonyesha bintiye tu. Bi Kazija alionyeshwa na mama yake, na yeye akawa anamwonyesha Sumaiya kidogo kidogo.

Urithi huo ulikuwa na sharti. Pweza jike akitaka kutaga huingia pangoni, akakusanya mawe akaziba mlango. Humo hukaa na mayai yake, hali kitu, mpaka yaanguliwe, kisha akafa. Hutaga mara hiyo moja tu katika umri wake. Kina mama humwita mzazi, kama anavyoitwa mwanamke aliyemo ndani ya arubaini yake, na mzazi haguswi. Ukiona mawe mlangoni, unapita zako.

Sumaiya aliolewa na kijana wa Bububu. Alipopewa talaka alikuwa na mimba, na yule bwana hakuuliza hata mtoto atakula nini. Akarudi kwao na begi lake. Bi Kazija hakutetereka.

"Futa machozi," alimwambia. "Mume kenda zake, mapango yapo. Ya kaskazini yote nshakupa wewe. Ukitoka arubaini utavua, utakula na mwanao, humwombi mtu."

Sumaiya akalishika neno hilo. Hakuwa na jengine la kushika.

Basi ndipo ilipoingia friza.

Ililetwa na Anuar, mnunuzi wa mjini, mwenye duka la samaki Malindi, ile ya Unguja mjini, na wateja wake mahotelini. Mtaratibu, mwenye maneno laini, kila akifika "shikamoo mama" inamtangulia. Alitaka Bi Kazija awe wakala wake. Friza ikae kwake, wanawake wote wamuuzie yeye, na gari ya mjini itakuja kuchukua.

"Ila mama, gari yangu haiji kwa mkoba mmoja," alisema. "Friza ikijaa, nnakuja. Isipojaa, n'tampa mwengine."

Hapo palitaka kufikiriwa, na Bi Kazija hakufikiri. Fahari ilimpanda kichwani. Majirani walikuja kuomba barafu, watoto wakaja kuomba maji baridi, na Ramadhani ilipoingia mlango wake haukufungwa. Akawa Bi Kazija wa Friza. Msimcheke, wengi wetu tungetakabari kwa kidogo kuliko hicho.

Mwanzo ilijaa. Kisha, ili izidi kujaa, akaanza kupokea hata pweza wa kiganja, wale ambao zamani wakirudishwa majini wakakue. Na wanawake walipoona wadogo nao wananunuliwa, nani angewaacha? Haukupita muda mwamba ukawa mtupu na friza ikawa nusu. Anuar akachungulia ndani, akarudisha mfuniko polepole.

"Kuna bibi mmoja kijiji cha pili," alisema, "ananiomba sana hii friza."

Siku hizo Sumaiya alikuwa ndani. Amejifungua mtoto wa kike, Nadra, na anatunzwa kama wanavyotunzwa wazazi, anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, mguu haukanyagi nje. Bi Kazija alimkanda asubuhi, akamfunika vizuri, akamwambia alale. Kisha akachukua chuma akaenda kaskazini ya mwamba.

Alikuta mapango yamezibwa mawe. Alisimama, na hilo alikuja kulisema mwenyewe. Halafu akajiambia, mmoja tu. Akainama akayatoa mawe. Pweza mwengine angerusha wino, angeng'ang'ania, angemtoa jasho. Huyu hakukimbia. Alitandaza mikono yake juu ya mayai, mikufu ya mayai madogo kama punje za mchele, akabaki pale pale. Bi Kazija akamvuta, akamtia mkobani, akaondoka upesi.

Kesho yake hakusimama tena. Alimtoa wa pili, akamtoa wa tatu, akaendelea hivyo mpaka hapakubaki pango lenye mawe. Hata Anuar alilalamika.

"Mama, mbona hawa wepesi hivi? Nyama hawana."

Wataipata wapi, na hali hawali? Na Bi Kazija alijua.

Arubaini ikamalizika. Sumaiya akanyolewa mwanawe, akala karamu yake, na bamvua la kwanza akamwachia bibi mtoto akatoka na mkoba. Alitoka mwepesi, roho yake nyeupe. Jua lilikuwa kali aliporudi, na mkoba ulikuwa mkavu.

"Mama, kaskazini kumeharibiwa. Mawe yote yametolewa."

"Wapiga mbizi hao," Bi Kazija alijibu, huku anampepea mtoto. "Vijana wa miwani."

"Wapiga mbizi watafuata nini pale? Maji hayafiki magotini."

"Basi majirani. Watu siku hizi hawana haya."

"Nani anayajua mapango yale, mama, ila mimi na wewe?"

Bi Kazija akainuka, akaenda kufungua friza, akatazama ndani bila ya kutafuta kitu.

"Unanikanda asubuhi," Sumaiya alisema, na sauti hakuipandisha, afadhali angeipandisha. "Mimi nimelala ndani, mzazi. Na wewe unatoka hapa unakwenda kuwatoa wazazi wengine."

Sumaiya alijaribu bamvua lililofuata, na lililofuata hilo. Alipoona mtoto analia na ziwa halina kitu, akaamua kwenda Kizimbani, mashambani, kwa vibarua vya kupalilia viungo. Bi Kazija alimshika mkono mlangoni.

"Kaa, mwanangu. Watarudi."

"Nikae nile nini, mama?"

Akapanda gari na mwanawe mgongoni. Bi Kazija naye akafunga safari ya mjini, akamkuta Anuar dukani Malindi anaosha mabeseni. Alimwomba ampe muda, mwamba upumzike.

"Mama, mimi nauza pweza, siwafugi," Anuar alisema. Hakuwa na ubaya katika uso wake. "Sasa nnachukua Pemba."

Wiki ile ile vijana wake walikuja kuibeba friza. Waliokuwa wakija kuomba barafu wakapotea, maana hapakuwa na la kuwaleta. Mwishowe kamati ya uvuvi ya kijiji iliufunga mwamba, asikanyage mtu, na pweza wakaanza kurudi pole pole.

Miaka ikapita, Nadra akawa msichana wa kusema. Bi Kazija akaenda Kizimbani kumtazama, na njiani akashuka sokoni mjini akanunua pweza, maana msimu huo mwamba ulikuwa umefungwa. Bi Kazija, mtoto wa wavua pweza, ananunua pweza kwa mizani. Alipofungua mfuko, mtoto akajificha nyuma ya mama yake.

"Mama, hiki nini?"

"Pweza. Bibi yako alikuwa akivua."

"Na wewe?"

Sumaiya alikuwa anamenya vitunguu. Alimaliza kile alichokishika kwanza.

"Mimi sikuachiwa mapango," alisema.

Bi Kazija aliinamisha kichwa. Wali ulipoandaliwa akasema ameshiba.

Mafunzo

Jamaa zangu, siku Bi Kazija alipoyatoa mawe yale, nyumbani kwake hamkuwa na njaa. Aliogopa kunyang'anywa friza na jina lake, basi. Tamaa yetu wengi iko hivyo. Tunaiita shida, kumbe ni kuogopa kushuka mbele ya majirani.

Mama mwenye mapango, pweza aliyejifungia mwache azae, na mdogo mrudishe majini. Hao ni chakula cha mwanao, wewe umewekewa amana. Na wewe mnunuzi unayesema hufugi, ukipokea pweza wa kiganja umeshiriki, usijitoe.

Kuufunga mwamba ni jambo jema, tena naliunga mkono kwa mikono miwili. Lakini msidanganyike kwamba kila kilichoharibika kitarudi. Pale kijijini sasa pweza wapo, mama yupo, na hana wa kutoka naye.