Punje Kumi Katika Kitambaa

Ildefonsa wa Bukiriro alikuwa hodari wa jembe na hodari wa maneno. Kalamu tu ndiyo iliyomtoa jasho.

Mwaka ule kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa watu. Ildefonsa alipeleka ndizi kambini, akabadilishana na debe la maharage ya mgao. Yalikuwa meupe, manene, yanang'aa. Majirani wote walionyeshwa, watake wasitake.

"Mama Avelina, haya ndiyo tutakayopanda," alisema Renatus, mumewe. "Yale yetu madogo tuyapike. Kizuri chajiuza!"

Ildefonsa alikubali. Walikuwa na shamba moja tu la maharage, na mvua zilikuwa karibu. Kama mbegu zisingeota, watoto wangelala njaa hadi msimu mwingine.

Alasiri alikwenda kisomo, darasa la watu wazima kwenye kibaraza cha kanisa la kigango. Siku hiyo mwalimu Priscila alifuta ubao wote.

"Leo hatunakili," alisema. "Kila mmoja achukue punje kumi za mbegu anazotaka kupanda. Achukue na kumi nyingine za kulinganisha. Azifunge katika vitambaa vibichi, azitazame kwa siku tano."

"Mwalimu, kulima nilifundishwa na mama," Ildefonsa aliguna. "Hapa nimekuja kusoma."

"Utasoma, mama yangu. Utasoma ulichoandika mwenyewe." Kisha akawaeleza wote: "Vitambaa viwe sawa, maji sawa, mahali pamoja. Hapo mkiona tofauti, mtajua imetoka kwenye mbegu. Na kila siku andika ulichokiona. Usiandike ulichotamani."

Siku ya tano Ildefonsa alifungua vitambaa vyake. Maharage madogo ya nyumbani, tisa yalikuwa yametoa vimizizi. Yale manene, mawili tu. Mengine yalivimba na kuanza kuoza. Moyo ulimwuma. Debe zima! Akawakumbuka majirani aliowaringia, aibu ikamshika. Akaandika: Makubwa 8.

Darasani alisimama kusoma.

"Madogo, tisa. Makubwa..."

Alitazama ile 8. Uongo alioutunga mwenyewe ulikuwa unamtazama kutoka kwenye daftari.

"Mwalimu, naomba kifutio," alisema. "Ni mawili."

Wenzake walicheka. Priscila hakucheka. Alimshika mkono kwa upendo.

"Hayo mawili yameokoa shamba lako, mama. Maharage ya mgao yameletwa yaliwe. Pengine yamekaa ghalani miaka mingi. Mbegu ikizeeka, uhai wake unakwisha, hata kama inang'aa. Yapike tu, ni chakula kizuri."

Ildefonsa alifika nyumbani, akainjika chungu, akamimina maharage ya mgao.

"Unapika mbegu!" Renatus alishangaa. "Nani kakwambia?"

"Daftari."

Renatus alikuwa akikiita kisomo mchezo wa akina mama. Ildefonsa hakubishana naye. Aliweka kidole kwenye mstari, akasoma polepole.

"Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya tatu, madogo manne, makubwa hakuna. Siku ya tano, madogo tisa, makubwa mawili."

Renatus alikuwa hajawahi kumsikia mkewe akisoma. Alikwenda kutazama vitambaa. Alihesabu mara mbili, akarudi ameinamisha kichwa.

"Ego," alisema kwa Kihangaza chao. "Ndiyo, Mama Avelina. Tupande yetu."

Walipanda yale madogo. Mvua ilinyesha, na baada ya wiki moja shamba lilikuwa la kijani kutoka mwanzo hadi mwisho. Ildefonsa alilizunguka akicheka peke yake. Nyumbani watoto walikuwa wakila ndizi kwa maharage ya mgao, wanashiba.

Alasiri moja Priscila aliona mwanamume amekaa nyuma kabisa darasani. Alikuwa Renatus. Magotini alikuwa na kitambaa kibichi, ndani yake punje kumi za mahindi.

"Mwalimu," alisema, "kuhesabu ninajua. Nifundishe kuandika nilichokiona."

Ildefonsa alisogea kwenye benchi, akampa kalamu yake.