Vijiti Kumi na Viwili vya Chai

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya Kianjokoma, Kagure alitoka jikoni na kikombe cha chai akaenda kutazama vijiti vyake. Vilikuwa kwenye vifuko vya udongo, chini ya nailoni. Matone yalitiririka humo polepole, naye akayatazama mpaka chai ikapoa mkononi.

Alivikata kwenye mchai uliopandwa na marehemu mama yake. Ndugu yake, Nthiga, angeung'oa ili ajenge nyumba. Vijiti visipoota, shamba lisingebaki na alama yoyote ya mama. Na kati ya thelathini, vilibaki kumi na viwili.

Lydiah, jirani anayefanya kazi kwenye kitalu cha chai, alimkuta ameshika kimoja tayari kukichomoa.

"Kagure, wacha hiyo. Unafanya nini?"

"Naangalia kama imeshika. Kila siku naangalia moja."

"Ndiyo maana zinakufa."

"Lakini kijiti haina mzizi. Itatoa wapi?"

Lydiah alichuchumaa. "Kwaya yenu mko na kitabu cha nyimbo. Jumapili mnaimba yote?"

"Hapana. Tunafungua ukurasa wa siku hiyo."

"Basi. Mmea umejengwa na vyumba vidogo sana, tunaita seli. Kila seli iko na kitabu chote: jani, shina, mzizi. Kurasa zake ndizo jeni. Seli ya jani imefungua kurasa za jani, zingine imefunga. Ukikata kijiti, kemikali ya mmea wenyewe inashuka mpaka kwa kidonda. Inaamsha seli za hapo, zinafungua kurasa za mzizi. Zinagawanyika, zinabadilika, zinakuwa mzizi."

"Na nikichomoa?"

"Unazivunja zikiwa laini."

Kagure aliona uchungu. Kumbe ni mapenzi yake yaliyoviua vile kumi na vinane. Akafunika nailoni. Subira huvuta heri, lakini aliyesema hivyo hakuwa na mikono ya Kagure. Ilimbidi aende kuchuma chai ili mikono itulie.

Nthiga aling'oa mchai mwezi huohuo. Kagure alilia.

Mwezi wa nne tangu vijiti vikatwe, Lydiah alipasua kifuko kimoja kwa wembe. Mizizi myeupe ilikuwa imejaa udongoni. Kagure aliigusa kwa kidole kimoja tu.

Mvua za mwaka uliofuata, Nthiga alikuja na jembe.

"Nichimbe wapi?"

Kagure akamwonyesha mbele ya mlango wa nyumba mpya ya Nthiga mwenyewe.

Nthiga akachimba mashimo kumi na mawili.