Wingu la Saa Tatu na Robo

Jumamosi ile duka la vifaa vya ujenzi mjini Kiruna, kaskazini ya mbali, lilijaa watu hadi mlangoni, na katikati yao alisimama Sixten Wallgren, msomi mwenye shahada ya uzamivu kutoka Stockholm. Nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri, na yeye alivaa viatu vya ngozi vyenye soli nyembamba, utadhani anakwenda harusini. Kisomo hakimwondolei mtu upumbavu. Wengine huwaongezea.

Alikuwa ameshika kopo la mwisho la rangi nyeusi isiyong'aa. Mkono mwingine, wenye glavu nene ya manyoya, ukalidaka kopo hilohilo.

"Liachie, bwana," alisema Anneli Kuoppa, mwanamke mrefu wa hapahapa mjini, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi. "Lako la nini?"

"Kupaka fremu za picha."

"Fremu! Mwenzio nina chombo kinasubiri."

Chombo chenyewe kilipima miale ya infraredi, lile joto lisiloonekana linalopanda kutoka ardhini, ili kujua ni kiasi gani kinazuiwa na mawingu membamba ya barafu. Ndani yake mna kopo lililopakwa rangi nyeusi, ambalo chombo hulitazama kwanza ili kipate kipimo cha kulinganishia, ndipo kipime anga.

"Mawingu ya barafu?" Sixten akacheka. "Hata mimi ndiyo kazi yangu. Ila yangu yamo kwenye kompyuta."

"Ndiyo maana hayajawahi kukugandisha pua."

Sixten akaliachia kopo. Wakaenda kunywa kahawa yenye vipande vya jibini ndani, yeye akaikunjia uso kama mtoto anyweshwaye dawa, na Anneli akampenda papo hapo. Sijui alipenda nini. Moyo wa mtu hauna adabu.

Mwezi wa pili wa mapenzi yao, kila asubuhi saa tatu na robo, chombo cha Anneli juu ya paa la kituo cha utafiti walikofanya kazi wote wawili kikawa kinaona wingu jembamba la barafu. Nusu saa baadaye, wingu halipo. Siku kumi na tisa mfululizo! Ijumaa ya wiki ile kamati ilikuwa inakuja kuchagua chombo kitakachorushwa angani ndani ya setilaiti, na Anneli, aliyekipigania chake miaka sita, aliliweka wingu hilo mbele ya hoja zake zote. Mkuu wake, Profesa Hedman, mtu asiyepanda paani tangu tumbo limzidi, alikuwa ameshaagiza keki.

Saa moja kabla ya kikao, simu ya Anneli ikalia.

"Umeamkaje, mpenzi?"

"Natetemeka, Sixten."

"Usiogope, sukari yangu. Chombo chako kinang'aa. Unadhani nani anakufutia kioo chake kila siku?"

Anneli akaweka chini karatasi zake. "Unakifuta na nini?"

"Na mkono wa koti. Napanda ngazi ya nje, nakihemea kwanza, haaa, kama miwani. Nilitaka iwe siri yangu."

"Saa ngapi?"

"Nikishuka basi. Kama saa tatu na robo."

Anneli akakaa chini. Wingu lake lilikuwa pumzi ya mpenzi wake, imeganda kwenye kioo mpaka feni ya chombo ilipoikausha.

"Sixten, wewe ni punda."

"Basi nani atajua? Mimi sisemi."

"Punda na mwongo!" Akakata simu.

Hedman naye, alipoambiwa, alitazama saa. "Wewe soma tu kama ulivyoandika, Anneli. Wana ndege ya saa nane." Huyo ndiye profesa wetu.

Anneli alisimama mbele ya kamati, macho mekundu. "Wingu hili si wingu," akasema. "Ni mtu kahemea kioo." Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Ndipo Sixten, aliyekuja akitweta na kusimama nyuma, akapaza sauti: "Pumzi ni yangu. Na mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

"Na wewe ni nani?" aliuliza mwenyekiti.

"Mtu asiyejua chombo."

Lilikuwa neno lake la kwanza la maana tangu aje Kiruna. Halikusaidia kitu. Nafasi ya setilaiti walipewa wengine, na keki ililiwa na kamati.

Siku tatu Anneli hakupokea simu. Jumatatu alipanda paani kukifungua chombo, ili aanze upya msimu ujao, na Sixten akapanda nyuma yake.

"Umefuata nini? Kimebaki kitu hujakiharibu?"

"Nifundishe kupima. Nimechoka kuwa mjinga mwenye vyeti."

"Utaganda."

"Nigande. Anneli, nataka kukuoa."

Anneli alimtazama juu hadi chini kwa dharau yote ya watu wa kaskazini, akamtupia bisibisi. "Fungua skrubu ile."

Sixten akapiga magoti, akakaza meno, akazungusha kwa nguvu zake zote. Skrubu ikazidi kukazika.

"Kushoto, mume wangu," alisema Anneli. "Kushoto."